Saratani huanzaje mwilini: tufuate seli ya mlango wa kizazi

Mtu akiambiwa ana kansa, swali la kwanza nyumbani huwa "imetoka wapi?", kana kwamba ni mdudu aliyepenya dirishani usiku. Jina lenyewe linatusukuma huko. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yuleyule wa kwenye nyota, na Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kaa. Lakini hakuna kaa. Kinachokua pale ni seli za mgonjwa mwenyewe, uzao wa seli yake moja iliyoacha kusikia amri.

Amri gani? Jikate kidole ukimenya kitunguu. Seli za kandokando ya kidonda huanza kujigawa, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka pengo linaziba. Kisha zinaacha. Huko kuacha ndiko muhimu, maana kidole hakiendelei kuota nyama baada ya kupona. Ndani ya seli kuna jeni zinazosema "gawanyika", zipo zinazosema "simama", na zipo zinazokagua kama kazi imefanyika sawa. Kila seli ikijigawa hunakili DNA, yaani maandishi yanayobeba jeni hizo, yenye herufi kama bilioni 6, kwa hiyo makosa hayakosekani. Mengi hurekebishwa hapohapo. Yasiporekebishika, seli hujiua, na mwili hauna habari. Saratani huanza pale makosa kadhaa yanapolundikana katika ukoo mmoja wa seli. Kosa moja peke yake kwa kawaida halitoshi.

Tuchukue mlango wa kizazi, kwa sababu safari yake inajulikana vizuri kuliko nyingi, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Pale mlangoni zinakutana seli za aina mbili, za ndani na za nje, na kwenye mpaka huo seli zinabadilika mara kwa mara. Ndipo kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, hupenda kujibanza. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono hukutana nacho. Kwa wengi kinga ya mwili hukifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila dalili, bila dawa. Kwa wachache kinabaki, na hao wachache ndio tunaowafuata.

HPV namba 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, hutengeneza protini mbili mbaya. Ya kwanza, E6, huharibu protini ya mwili iitwayo p53, yaani yule mkaguzi anayeiamuru seli yenye kasoro ijiue. Ya pili, E7, huvunja breki ya kugawanyika. Sasa seli inajigawa bila breki wala mkaguzi, na kila mgawanyo unaongeza makosa mapya ambayo hayana wa kuyasahihisha.

Seli ya kawaida ikikuzwa maabara huchoka baada ya kujigawa mara 50 hivi. E6 husaidia kuuondoa mpaka huo pia. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, Henrietta Lacks alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi, nacho kikapelekwa maabara bila yeye kuombwa ridhaa. Alifariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zake, ambazo baadaye zilikutwa na HPV 18, zinaendelea kujigawa maabara duniani kote hadi leo.

Hata hivyo, safari ni ndefu. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa 5 hadi 10. Muda mwingi kati ya hapo seli zimeshaharibika sura lakini bado zimo ndani ya tabaka lao la juu, juu ya utando mwembamba ambao hazijauvuka. Hiyo bado haijawa saratani. Haiumi, haitoi damu, na mwenyewe anauza duka lake kama kawaida.

Lakini inaonekana. Muuguzi anapaka pale mlangoni asidi ileile iliyomo kwenye siki ya kachumbari, anasubiri kama dakika moja, anamulika taa. Seli nzuri zinabaki na rangi yao ya waridi, zilizoharibika zinageuka nyeupe. Doa hilo jeupe mara nyingi huweza kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto siku ileile, mama akarudi nyumbani. Ipo pia chanjo ya HPV, inayozuia kirusi kabla hakijafika huko: Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019.

Seli zikiuvuka ule utando, hapo jina linabadilika kweli. Uvimbe hauwezi kupita milimita moja au mbili bila chakula, kwa hiyo huita mishipa ya damu ije kuulisha. Ukifika sentimita moja una seli kama bilioni moja, ingawa seli ya kwanza imehitaji kuongezeka maradufu mara 30 tu kufika hapo. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, ikiwa imeletwa na saratani hii, kwa kawaida ni ya hatua hii. Baadhi ya seli huchomoka na kuingia kwenye tezi za nyonga, nyingine hufuata damu hadi kwenye mapafu au ini. Uvimbe unaweza pia kubana mirija ya mkojo hadi figo zikashindwa kazi.

Saratani nyingi hazina kirusi, ila kanuni ni hiyohiyo ya makosa kulundikana. Moshi wa sigara hukwaruza DNA kwenye mapafu. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu huiharibu jeni inayotengeneza ile p53 kwenye ini. Jua hufanya hivyo kwenye ngozi, na wenye ualbino ndio huumia zaidi. Kichocho cha mkojo huchokonoa kibofu miaka nenda rudi. Umri nao ni sababu, maana aliyeishi sana seli zake zimenakiliwa mara nyingi zaidi.

Kuna kauli moja wodini inayofaa kunyooshwa: "Alikuwa na kansa ya titi, sasa ana ya mifupa pia." Kwa kawaida hana mbili. Zile zilizoko kwenye mfupa ni seli za titi zilizohama, na hutibiwa kama saratani ya titi.