Toreador si neno la kubuniwa na Bizet

Dhana potofu: Neno "toreador", yaani mpambanaji wa fahali wa Kihispania, lilibuniwa na mtunzi Mfaransa wa muziki Georges Bizet. Eti alihitaji neno la silabi nne kwa wimbo wake, na "torero", neno la kawaida la Kihispania kwa mtu huyo, lina tatu tu.

Ukweli: Opera yake, Carmen, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 3 Machi 1875. Waingereza walikuwa wameshaliandika neno hilo tangu 1618, wakilitoa Hispania. Inasikitisha kuona hadithi ya silabi ikirudiwa hata na wapenzi wa mchezo wa fahali wenyewe, ilhali kamusi ya Akademia ya Kihispania ya karne ya 18 inalo neno hilo na inalieleza vizuri: toreador, kwa kawaida, ni yule anayepambana na fahali akiwa amepanda farasi, torero ni wa kutembea kwa miguu.

Tofauti hiyo ilikuwa ya kitabaka. Karne ya 17 kupambana na fahali ilikuwa fahari ya makabaila: bwana juu ya farasi na mkuki mfupi mkononi, watumishi wake chini mavumbini wakimvuta mnyama kwa vitambaa. Karne iliyofuata mabwana walijitoa, uwanja ukabaki kwa wale wa chini, na jina lao likashika. Leo Mhispania husema torero. Wafaransa na Waingereza walibaki na neno la zamani, na wimbo wa Escamillo, toreador wa ndani ya Carmen, ukalifikisha kila pembe ya dunia. Kwa hilo Bizet anastahili sifa zake zote.

Dhana potofu: Torero na matador ni mamoja.

Ukweli: Kila matador ni torero, lakini si kila torero ni matador. Anayemchoma fahali vijiti vyenye ncha kwenye mabega naye ni torero. Matador, kutoka kitenzi matar, yaani kuua, ndiye anayemaliza kwa upanga.

Dhana potofu: Wachezaji wa mchezo wa ng'ombe Pemba ni matador wetu.

Ukweli: Wengi huuhusisha mchezo huo na Wareno, lakini Pemba ng'ombe hauawi. Vijana humchokoza kwa kitambaa, wakamkwepa huku ngoma zikilia, na mchezo ukiisha mwenyewe humrudisha zizini.