Mabomba Mawili, Bili Moja: Dhana Potofu Kuhusu Nani Alipie Maji Machafu ya Mvua Marekani

Kwenye kingo za barabara nyingi za California, juu kidogo ya tundu la mtaro, utakuta kibao chenye picha ya samaki na onyo fupi: usitupe kitu humu, maji haya yanakwenda ghubani. Watu hukipita kila siku. Siku ya kupigia kura tozo ya maji ya mvua ikifika, watu walewale huuliza, "Kwani bili ya maji taka siilipi?" Swali hilo limewatoa jasho mameya na wahasibu wa miji ya Marekani kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila dhana ninayoigusa hapa imechipuka humo.

"Maji ya mtaroni husafishwa kwanza"

Hayasafishwi. Miji mingi ya Marekani ina mabomba ya aina mbili yanayopita chini ya barabara moja bila kukutana. La kwanza huchukua maji ya choo, bafu na jikoni hadi kwenye mtambo wa kusafishia. La pili hupokea mvua kutoka barabarani, mapaani na kwenye maegesho, kisha huimwaga mtoni, ziwani au baharini kama ilivyo. Mtu akiosha gari mbele ya nyumba yake, lile povu linaloteremka taratibu kando ya ukingo hufika kijitoni likiwa na sabuni yake, grisi yake na vumbi la breki.

Ipo miji yenye mfumo wa zamani ambako bomba ni moja kwa vyote viwili, kama sehemu kubwa ya San Francisco na mitaa mingi ya Philadelphia. Huko mvua ya rasharasha husafishwa kweli. Ikinyesha ya mafuriko, mtambo huzidiwa, na mvua na choo humwagika pamoja. Kwa hiyo hata mwenye bomba moja hana la kujivunia.

"Wachafuzi ni viwanda"

Hii ilikuwa na ukweli enzi zake. Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilitungwa macho ya watu yakiwa kwenye mabomba ya viwanda na mitambo ya maji taka, na mengi ya hayo yakabanwa. Mito haikupona kama ilivyotarajiwa. Bunge likarudi mezani mwaka 1987 na kuagiza kwamba mitaro ya mvua ya miji nayo iombewe vibali vya kumwaga maji. Kanuni za mwaka 1990 zikaanza na miji ya watu 100,000 na zaidi. Za mwaka 1999 zikashuka hadi miji midogo iliyomo kwenye maeneo ya mijini. Machoni pa sheria, mji ndio mwenye bomba, kwa hiyo mji ndio unaoshika kibali, sawasawa na kiwanda.

Na ndani ya bomba hilo mna nini? Mna oili chafu, kwa mfano. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limekuwa likionya kwamba oili ya gari moja, kiasi cha galoni moja tu, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi. Mna kinyesi cha mbwa, viuatilifu vya bustani, vichungi vya sigara, shaba ya breki. Mna pia vitu ambavyo hakuna aliyevijua mpaka juzijuzi: mwaka 2020 watafiti katika jimbo la Washington walieleza hatimaye kwa nini samoni aina ya coho walikuwa wakifa vijitoni baada ya mvua, kabla hata ya kutaga. Muuaji alikuwa kemikali inayozaliwa pale dawa inayotiwa kwenye mpira wa tairi ili kuukinga inapokutana na ozoni hewani. Hapo utamshtaki nani? Kila mwenye gari ameacha kipande chake barabarani.

"Kila mji usafishe uchafu wake, basi"

Kwa sikio inapendeza. Lakini kijito kinaweza kuzaliwa kwenye vilima vya kaunti, kikapita miji mitatu, kikaingia ghubani katika mji wa nne ambao haukuchangia hata robo ya uchafu wake. Ukipima maji mlangoni pa ghuba, hutajua takataka ipi ni ya nani.

Ndiyo maana, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kaunti zinazoizunguka Ghuba ya San Francisco zimeendesha programu za pamoja za kuzuia uchafuzi wa maji ya mvua. Katika Kaunti ya San Mateo, miji yote 20 na kaunti yenyewe zimo katika programu moja. Santa Clara wana yao, Alameda yao, Contra Costa yao. Mwaka 2009 bodi ya maji ya eneo hilo, yaani mdhibiti anayetoa vibali, ikaenda mbali zaidi, ikaviunganisha vibali vilivyokuwa vya kaunti kaunti kuwa kibali kimoja cha eneo, chenye miji, kaunti na wilaya za mafuriko zaidi ya 70.

Fedha huchangwa kwa kanuni ambayo wanachama wamekubaliana, aghalabu kwa kuangalia idadi ya watu, ukubwa wa eneo, au vyote viwili. Mji mkubwa hutoa zaidi, mji mdogo hutoa kidogo, na wote hupata vitu ambavyo kila mmoja peke yake asingeviweza: wataalamu wa kuchukua sampuli mtoni, mafunzo kwa wakaguzi wa maeneo ya ujenzi, miongozo ya namna ya kujenga bustani za kunyonya mvua, matangazo ya kuwaelimisha wananchi, na ripoti ya kila mwaka inayopelekwa kwa mdhibiti. Mji wa watu elfu kumi utamwajiri wapi mkemia wa zebaki?

Mfano ninaoupenda ni wa breki. Shaba ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini na huvuruga pua ya samoni, ambayo ndiyo dira yake ya kurudia mto alikozaliwa. Miji ya eneo la ghuba ilipoifuatilia shaba iliyokuwa ikiiona kwenye sampuli zake, ilijikuta kwenye pedi za breki. Mji mmoja ungefanya nini hapo, upige marufuku magari kushika breki? Miji ikashirikiana, ikakaa meza moja na watengenezaji wa pedi na wanamazingira, utafiti ukafanywa kwa miaka, na mwaka 2010 California ikapitisha sheria: shaba isizidi asilimia 5 ya uzito wa pedi ifikapo 2021, na asilimia 0.5 ifikapo 2025. Kuchuja shaba hiyo mtaro kwa mtaro kungekuwa kuteka maji kwa pakacha.

"Tukishajiunga, mzigo ni wa programu"

La. Programu inasaidia, haikubebei. Kila mji unabaki na jina lake kwenye kibali na unawajibika kwa kinachotoka kwenye mitaro yake. Fundi wake akimwaga rangi ya ukutani kwenye tundu la mtaro, barua ya mdhibiti itafika ofisini kwa mji ule, haitafika kwa jirani. Faini chini ya sheria ya shirikisho inaweza kupita dola 60,000 kwa siku kwa kila kosa.

"Serikali kuu inalipa, si ndiyo iliyoagiza?"

Imeagiza, lakini haikuja na mkoba. Ipo mikopo nafuu ya miradi ya maji na ipo misaada ya hapa na pale, ila misaada hupenda kujenga. Itakujengea bustani ya kunyonya mvua, ikupige picha, iondoke. Hailipi mtu wa kung'oa magugu humo miaka minane baadaye. Tena fungu la shirikisho linalojulikana zaidi kwa uchafuzi usiotoka kwenye bomba moja linalojulikana, la kifungu cha 319 cha Sheria ya Maji Safi, haliruhusiwi kutumika kwa kazi ambayo kibali kimeshamlazimisha mji kuifanya. Yaani kazi iliyo lazima zaidi ndiyo fungu hilo lisiyoigusa.

Na gharama kubwa ni hiyo ya kila siku. Shuhudia siku moja wakisafisha chemba yenye wavu wa kuzuia taka. Wafanyakazi wawili wananyanyua mfuniko wa chuma, harufu inawapiga, wanateremsha bomba nene la gari la kunyonya. Kwenye wavu ule, ambao kwa masharti ya California lazima uzuie kila kitu cha milimita 5 na zaidi, kumeng'ang'ania majani yaliyooza, vifuniko vya chupa, vichungi vya sigara, viatu vya watoto. Usiposafishwa, mvua inayofuata itaufanya kizibo na barabara itageuka bwawa. Kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe.

"Ni kodi ya mvua"

Jina hili tamu lilipata umaarufu Maryland. Mwaka 2012 jimbo hilo liliagiza kaunti tisa na jiji la Baltimore kuanzisha ada ya kutengeneza mifumo ya maji ya mvua, kwa ajili ya kuiokoa Ghuba ya Chesapeake. Wapinzani wakaibatiza "kodi ya mvua", ikawa wimbo wa kampeni za ugavana mwaka 2014, na mwaka 2015 ulazima huo ukafutwa. Wajibu wa kusafisha maji ulibaki palepale. Kilichoondoka ni amri ya kutoza ada.

Mvua haitozwi. Kinachohesabiwa ni sakafu ngumu: paa, lami, zege, yaani kila mahali ambapo tone linashindwa kuzama ardhini na badala yake linakimbilia mtaroni na kila lilichokikuta njiani. Bellevue, katika jimbo la Washington, walianza kuendesha huduma ya maji ya mvua kwa ada yake mahususi tangu 1974, kama unavyolipia maji ya bomba. Kaunti ya Los Angeles ilipitisha tozo yake kwa kura mwaka 2018: senti 2.5 kwa kila futi ya mraba ya sakafu ngumu kwa mwaka. Mwenye futi 2,000 anatoa dola 50. Duka kubwa lenye uwanja wa maegesho linatoa maelfu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo haki, kwa sababu uwanja ule ndio unaotema maji. Asilimia 40 ya fedha hurudi kwa miji na maeneo ya kaunti zilikotoka, asilimia 50 huenda kwenye miradi ya pamoja ya bonde zima, na 10 zilizobaki kwa wilaya ya kudhibiti mafuriko.

Wengine hudai kwamba taasisi zisizolipa kodi haziguswi na ada kama hizi. Zikipangwa kama ada ya huduma, mara nyingi huwagusa wote, na tangu 2011 sheria inazitaka hata ofisi za serikali ya shirikisho kulipa ada za haki za maji ya mvua zinazotozwa na miji. Kabla ya hapo baadhi zilikuwa zikigoma zikidai ni kodi.

"Halmashauri ikitaka, inatoza tu"

Hapa ndipo yale mabomba mawili yalipofika mahakamani. Mwaka 1996 wapiga kura wa California waliingiza kwenye katiba ya jimbo, kwa Pendekezo la 218, sharti kwamba ada inayofuata umiliki wa ardhi isitozwe mpaka wengi wa wenye ardhi waikubali kwa kura, au theluthi mbili ya wapiga kura wa eneo hilo. Huduma tatu zikasamehewa kura: maji, maji taka na uzoaji wa taka.

Mji wa Salinas ulikuwa na ada ya mitaro ya mvua na haukuipeleka kwenye kura. Hoja yake: neno la Kiingereza lililotumika kwenye katiba kwa maji taka, "sewer", laweza kumaanisha bomba lolote la kuondoa maji, si la choo peke yake. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikakataa. Kwa hukumu hiyo, bomba la choo lingepandishiwa ada baada ya notisi na kikao cha pingamizi, lakini la mvua lilihitaji kampeni nzima. Mwaka 2017 bunge la jimbo likatunga sheria inayosema neno lile linajumuisha maji ya mvua. Miji mingi bado inaogopa kuitegemea, maana bunge kutafsiri katiba ambayo mahakama imeshaitafsiri ni kualika wanasheria.

Kura nazo hazitabiriki. Contra Costa waliwaomba wenye ardhi mwaka 2012 wakakataliwa. Palo Alto, ng'ambo ya ghuba, waliomba mwaka 2017 wakakubaliwa.

San Mateo walipita njia nyingine. Badala ya kumfuata mwenye nyumba, walimfuata mwenye gari: mwaka 2010 wapiga kura wa kaunti waliridhia dola 10 kwa mwaka juu ya usajili wa kila gari, kwa miaka 25, sehemu ikienda barabarani na usafirini, na sehemu ikienda kuzuia uchafuzi wa maji ya mvua. Oili, breki na tairi zinalipia vijito vyake. Na kwa kuwa inafuata usajili, si mafuta, gari la umeme nalo linalipa. Halina oili ya kumwaga, lakini tairi zake zinalika kama za mwingine, na kwa uzito wa betri ile, pengine zaidi.