Kamati za Bunge la Maine: Mahali Muswada Unapochambuliwa

Wengi wetu tunapofikiria kutungwa kwa sheria huwaza ukumbi mkubwa, wabunge wakipiga kura na spika akitangaza matokeo. Katika jimbo la Maine, nchini Marekani, hatua hiyo huja wakati sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika kwenye kamati za kudumu. Kamati hizo ni za pamoja kwa mabaraza mawili ya Bunge, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi: kwa kawaida maseneta 3 na wawakilishi 10 huketi meza moja, huku uenyekiti ukigawanywa kati ya seneta na mwakilishi. Katika majimbo mengi kila baraza lina kamati zake, hivyo muswada huchambuliwa mara mbili.

Kazi huanza kwa kikao cha kupokea maoni ya wananchi katika mji mkuu, Augusta, na siku hizi mtu anaweza kuzungumza kwa video akiwa nyumbani kwake. Aliyewasilisha muswada hueleza kusudi lake, kisha husikilizwa wanaouunga mkono, wanaoupinga na wasioegemea upande wowote, mara nyingi kwa dakika 3 kila mmoja. Uraia si sharti. Familia zinazozungumza Kiswahili huko Portland na Lewiston, ambazo nyingi zimetoka Kongo, zina haki ileile ya kueleza jinsi muswada wa nyumba au wa shule utakavyowagusa. Hata hivyo, maoni ya maandishi huwekwa wazi kwa umma kwenye tovuti ya Bunge, kwa hiyo tunasihi sana kwamba mtu asiandike humo habari za kesi yake ya uhamiaji wala za afya ya watoto wake.

Baada ya siku kadhaa kamati hukutana tena kwa kikao kazi, na kwa maoni yetu hiki ndicho kikao chenye uzito kuliko vyote, ingawa wananchi wengi huwa wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao. Mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza, lakini huzungumza tu akiulizwa. Hapo wachambuzi wa Bunge, ambao hawafungamani na chama chochote, hueleza sheria iliyopo inasema nini, nao wajumbe wanaweza kupunguza fedha, kusogeza tarehe ya kuanza kutumika, au hata kufuta maandishi yote na kuweka mengine huku namba ya muswada ikibaki ileile. Aliyeunga mkono muswada mwezi uliopita anaweza kukuta muswada tofauti kabisa, kwa hiyo hana budi kusoma marekebisho.

Kisha hupigwa kura. Wajumbe wote wakikubaliana kwamba muswada usipitishwe, safari yake huishia hapo, na kuufufua kunahitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Wakigawanyika, taarifa ya walio wengi na ya walio wachache zote hupelekwa mbele, zikionyesha majina ya waliokuwa upande gani.

Muswada wenye gharama hukabili kizuizi kingine. Hata ukikubaliwa, kwa kawaida huwekwa kando katika Seneti hadi karibu na mwisho wa mkutano wa Bunge, na Kamati ya Matumizi na Masuala ya Fedha hupendekeza miswada ipi igharamiwe. Anayefuatilia muswada wa namna hiyo awaandikie mapema wajumbe wa kamati hiyo pia, kabla fedha hazijagawanywa.