Betri yabisi: ugumu peke yake hauzuii shoti

Kwa mafundi simu wa Ngamiani, Tanga, betri iliyovimba si habari. Habari ni ile ya betri yabisi ya lithiamu, ambayo elektroliti yake, yaani kile kinachopitisha ioni (chembe zenye chaji) kati ya ncha mbili za betri, ni kigumu badala ya majimaji. Wengi wanaamini itamaliza matatizo yote. Baadhi ya wanayoyasema yana kasoro.

"Elektroliti ikiwa ngumu, lithiamu haiipenyi." Inaipenya, hata ikiwa kauri. Lithiamu unaikata kwa kisu, lakini kauri haikosi nyufa ndogo. Ukichaji kwa kasi, lithiamu hujikusanya kwenye ufa, ikausukuma na kuupanua mpaka ifike kathodi, ncha chanya iliyo upande wa pili. Hapo ni shoti.

"Shida ni ioni kwenda polepole ndani ya kigumu." Zamani, ndiyo. Mwaka 2011 Ryoji Kanno na wenzake wa Japani walitangaza elektroliti ya salfaidi (yenye salfa) inayopitisha ioni karibu sawa na ya majimaji. Kinachosumbua sasa ni mpaka wa lithiamu na elektroliti. Majimaji hujaza kila tundu. Vitu vigumu viwili hugusana hapa na pale tu, mfano wa vigae vilivyolazwa uso kwa uso. Betri inapotumika, lithiamu huondoka mpakani na kuacha mapengo. Ukichaji tena, umeme wote unasongamana kwenye sehemu chache zinazogusana, na miiba ya lithiamu inayopenya elektroliti huanzia papo hapo.

Kauri iitwayo LLZO, nayo ni elektroliti ngumu, ina udhaifu mwingine, ambao mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana: hewa yenye unyevu huijengea utando wa kaboneti, lithiamu ikagoma kushika. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliipaka oksaidi ya alumini, unene wa nanometa chache. Ukinzani wa mpaka, kwa sentimita moja ya mraba, ukashuka kutoka omu 1,710 hadi omu 1. Rangi tu hiyo, kauri ni ile ile!

"Basi ibanwe sana." Kubana huziba mapengo, kweli. Ukizidisha, lithiamu laini inatambaa ndani ya vinyweleo, na shoti inaweza kutokea hata kabla hujachaji.

"Haiwaki kamwe." Kauri haiwaki, lithiamu inawaka. Salfaidi nayo ikipata maji hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayonuka yai viza. Ya namna hiyo isifunguliwe kwa bisibisi kibarazani, hasa msimu wa masika.