Je, Wajua Jiji Hutambuaje Kwamba Sauti Imegeuka Kelele?

Mtu anayelala jirani na baa hahitaji kuelezwa kelele ni nini, lakini afisa wa mazingira anayetaka kumfikisha mwenye baa hiyo mahakamani anahitaji kitu kizito kuliko manung'uniko ya jirani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilieleza kelele za jamii kuwa ni kelele zitokazo kwenye vyanzo vyote isipokuwa sehemu za kazi viwandani. Humo zimo sauti za magari, reli, ndege, ujenzi, kumbi za starehe na majirani. Maelezo hayo yanataja chanzo, ila hayasemi sauti ikifikia kiwango gani ndipo iwe kosa. Pengo hilo kila jiji limelazimika kulijaza lenyewe, na kwa maoni yangu wengi hukimbilia kuuliza ni desibeli ngapi zinaruhusiwa kabla ya kuuliza kipimo kinasimama wapi, saa ngapi, na kinalinganisha sauti hiyo na nini.

Njia kongwe ya kulijaza ni kutumia maneno matupu, bila namba. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu uchafuzi wa kelele na mitetemo zinakataza mtu yeyote kupiga kelele kubwa, zisizo za lazima au zisizo za kawaida, zinazowasumbua wengine au kuhatarisha raha na afya zao. Kisha zinataja mambo ya kuzingatiwa kabla ya kuamua: ni wakati gani wa siku, makazi ya watu yako umbali gani, sauti ni ya mfululizo au ya kukatika, ukali wake ni upi, imekuzwa kwa umeme au mashine, na je, ingeweza kudhibitiwa bila taabu wala gharama kupita kiasi? Mambo haya mawili ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Sauti ya binadamu ina mpaka wake wa asili. Ikipitia kipaza sauti mpaka huo unavunjika, na anayeisambaza ndiye anayeweza kuipunguza kwa kugusa kitufe kimoja.

Hoja ya kelele zisizo za lazima ina historia ndefu. Mwaka 1906 Julia Barnett Rice, mkazi wa New York mwenye shahada ya udaktari, alianzisha chama cha kupinga kelele zisizo za lazima baada ya kuchoshwa na honi za boti za kuvuta meli katika Mto Hudson. Aliwalipa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia kuzihesabu, na katika usiku mmoja walifikia karibu honi 3,000. Nguvu ya kampeni yake ilitokana na kuonyesha kwamba nyingi ya honi hizo hazikuwa tahadhari za usalama, kwani manahodha walizitumia kusalimiana na kuita watu pwani. Asingeweza kuyashinda makampuni ya bandari kwa kusema tu kwamba honi zina sauti kubwa. Kipimo cha sauti hakikuwamo katika hoja yake hata kidogo.

Vipimo vilikuja baadaye. Desibeli ni kizio kilichotokana na maabara za simu za Bell nchini Marekani katika miaka ya 1920, kikapewa jina la Alexander Graham Bell, na mwaka 1929 New York iliunda tume ya kupunguza kelele iliyozungusha lori lenye vifaa mitaani ili kupima sauti za jiji. Kizio hiki hakihesabiwi kama kilo au mita. Ongezeko la desibeli 3 lina maana kwamba nishati ya sauti imekuwa maradufu, na la desibeli 10 kwamba nishati hiyo imeongezeka mara kumi, ingawa sikio huihisi kama imekua takriban mara mbili tu. Kwa hiyo mwenye ukumbi anayeondoa spika mbili kati ya nne zilizo sawa asishangae jirani akiendelea kulalamika, kwa maana amepunguza desibeli 3 peke yake.

Kwa namba, Kenya imegawa maeneo yake hivi: mchana, desibeli 40 katika maeneo ya utulivu na mahali pa ibada, 50 nje ya nyumba za makazi, 55 penye makazi yaliyochanganyika na biashara na starehe, na 60 katika maeneo ya biashara. Usiku, kote huko, kikomo ni 35. Kisheria mchana huanza saa 12:01 asubuhi na kwisha saa 2:00 usiku, jambo ambalo wenye kumbi wengi wangependa kulisahau. (Mahali pa ibada, ikumbukwe, pamo katika jedwali kama pa kulindwa dhidi ya kelele, ilhali katika mitaa mingi malalamiko huelekezwa kwa spika za mahali penyewe.)

Desibeli 35 ni utulivu wa maktaba isiyo na watu. Barabara yenye matatu na bodaboda huvuka 60 bila baa yoyote kufunguliwa, hivyo afisa anayepima saa 4 usiku kando ya barabara kuu atapata namba iliyovuka kikomo hata muziki ukiwa umezimwa. Kikomo ambacho mtaa wenyewe hauwezi kukitimiza kinamwachia afisa hiari kubwa mno, na mwenye baa naye ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya namba hiyo iliyo yake.

New York ilikutana na tatizo hilo na kulijibu kwa namna mbili katika sheria iliyopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Julai 2007. Kwanza, kwa sauti nyingi za mitaani, sheria inalinganisha sauti na hali ya kawaida ya mahali hapo: inakuwa kosa inapoizidi kwa desibeli 10 au zaidi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na kwa desibeli 7 katika saa zinazobaki. Pili, kwa muziki wa biashara, kipimo kimeondolewa mlangoni mwa baa na kupelekwa ndani ya nyumba ya mlalamikaji, ambako sauti haipaswi kuvuka desibeli 42. Vipo hata vitu ambavyo havihitaji kifaa. Mbwa haruhusiwi kubweka mfululizo kwa dakika 10 mchana au 5 usiku, na gari la kuuza aiskrimu linapiga muziki wake likiwa linatembea tu, likisimama linyamaze.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo kila anayeishi jirani na ukumbi angefaa kulijua. Vifaa vingi hupima kwa kichujio kiitwacho A, kilichoundwa kuiga sikio linavyosikia sauti zisizo na nguvu, na kichujio hicho hupunguza sauti nzito kwa kiasi kikubwa: katika masafa ya hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), eneo la mdundo wa besi, kinakata takriban desibeli 26. Ukuta wa matofali hufanya kinyume chake, kwa kuwa huzuia sauti nyembamba na kuiachia besi ipite. Matokeo yake ni kwamba mwenye nyumba jirani na kigodoro, ngoma ya usiku kucha ya uswahilini, huhisi kitanda kikitikisika huku kifaa kikionyesha namba ya kuridhisha. Kwa sababu hiyo sheria ya New York imeweka pia kikomo cha desibeli 45 kwa kila kipande kidogo cha masafa kati ya hezi 63 na 500, pamoja na kipimo cha kichujio C ambacho hakiikati besi kwa kiasi hicho.

Wastani nao una hila zake. Viwango vya Kenya vya mchana hukokotolewa kama wastani wa saa 14. Honi ya desibeli 85 inayolia kwa sekunde 10, kama saa zote zilizobaki zingekuwa kimya kabisa, ingetoa wastani wa desibeli 48 hivi, yaani chini ya 50 zinazoruhusiwa nje ya makazi, ingawa mtoto aliyekuwa amelala ameshaamka. Mwongozo wa 1999 ulizingatia hilo kwa kupendekeza chumbani wastani wa desibeli 30, na papo hapo kwamba sauti moja moja isizidi 45.

Kinachobaki ni nani anayesimamia, na hapa Kenya ina mpangilio wa kuvutia. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inasimamia kanuni za 2009, lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti udhibiti wa uchafuzi wa kelele na, katika jedwali hilohilo, utoaji wa leseni za vileo. Hayo mawili yakikutana mkononi mwa ofisi moja, kifaa cha kupimia hupoteza umuhimu wake. Mwenye baa akiliona gari la maafisa likiegeshwa hupunguza sauti kabla hawajashuka, na wakiondoka huipandisha tena. Leseni haina mchezo huo. Novemba 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo katika maeneo ya makazi. Uamuzi huo haukungoja desibeli za klabu yoyote. Ulitazama ramani na kuuliza klabu iko wapi. Wenye biashara waliulalamikia kwa haki fulani, kwa kuwa ulimweka aliyeziba kuta zake barabara katika kapu moja na aliyetundika spika barazani.