Pambano la kufikirika: maana yake na namna ya kulipima

Pambano la kufikirika ni pambano kati ya mabondia wawili ambao hawakuwahi kukutana ulingoni, mara nyingi kwa sababu mmoja alikuwa ameshastaafu au kufariki kabla mwenzake hajafikia ubora wake. Muhammad Ali na Mike Tyson, Joe Louis na Lennox Lewis, Roberto Durán na Floyd Mayweather: hayo ni kati ya yanayobishaniwa sana. Kwa kuwa pambano lenyewe halipo, anayeuliza "nani angeshinda?" anaomba makadirio, na makadirio yana maana pale tu masharti yake yanapotajwa. Ubishi mwingi wa vijiweni hauishi kwa sababu watu wawili wanabishania mapambano mawili tofauti wakidhani ni moja. Mmoja kichwani ana Ali wa 1966, mwenzake ana Ali wa 1975.

Kuna swali jingine linalofanana nalo lakini si lenyewe: nani bondia bora zaidi katika historia? Hapo tunahesabu mikanda, wapinzani, miaka ya ubingwa. Katika pambano la kufikirika tunauliza nani angemshinda nani usiku mmoja. Rocky Marciano alistaafu na mapambano 49 bila kupoteza hata moja, 43 akiyamaliza kwa KO (nokauti), na hakuna wa kumnyang'anya nafasi yake katika historia. Lakini alipomvua Jersey Joe Walcott ubingwa mwaka 1952 alikuwa na kilo 83.5 hivi. Mtu anaweza kumheshimu Marciano kuliko mabingwa wote wa leo na bado akasema Tyson Fury, mwenye kilo 124 siku aliyomshinda Deontay Wilder mwaka 2020, angemlemea. Kauli hizo mbili hazipingani.

Mchezo huu wa kukadiria ulipata umaarufu mkubwa Marekani mwaka 1967, pale mtayarishaji wa redio Murray Woroner alipopanga mashindano ya mabingwa wa uzito wa juu wa enzi zote kwa kutumia kompyuta ya NCR 315. Wajuzi wa ngumi walitoa alama kwa kila bondia, kompyuta ikatoa mwenendo wa pambano, mtangazaji akalisoma kana kwamba analiona. Marciano alimshinda Jack Dempsey katika fainali. Ali alitolewa mapema na Jim Jeffries, akakasirika hadi kufungua kesi ya dola milioni 1. Ugomvi uliisha kwa Ali kukubali kuigiza pambano dhidi ya Marciano mbele ya kamera mwaka 1969. Marciano, aliyestaafu tangu 1956, alipunguza zaidi ya kilo 20 na kuvaa nywele za bandia. Walirekodi raundi zaidi ya 70 za dakika moja moja na miisho kadhaa. Marciano alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, kabla filamu haijatoka. Januari 1970 watazamaji wa Marekani walimwona akishinda kwa KO raundi ya 13. Katika toleo lililooneshwa Ulaya, Ali ndiye aliyeshinda.

Kasoro ya kompyuta ile ndiyo kasoro ya programu nyingi na michezo ya video mpaka leo. Unaipa namba za nguvu, kasi, kidevu (uwezo wa kustahimili ngumi) na pumzi, inakurudishia maoni ya yule aliyeziandika namba hizo. Aliyempa Jeffries alama nyingi za ustahimilivu alikuwa ameshaamua matokeo kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo kabla ya kutaja mshindi, funga masharti. La kwanza ni usiku gani hasa. Kusema "Ali wa ubora wake" hakutoshi. Ali wa tarehe 14 Novemba 1966 mjini Houston, aliyemsimamisha Cleveland Williams raundi ya 3, alikuwa na kilo 96 na miguu ambayo haikutulia. Ali wa Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alisimama kwenye kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka pumzi ikamwisha, kisha akamwangusha raundi ya 8. Kati ya hao wawili kulikuwa na zaidi ya miaka mitatu ya kufungiwa, kuanzia 1967 hadi 1970. Ni mtu mmoja mwenye njia mbili za kupigana, na mpinzani anayemshinda mmoja anaweza kushindwa na mwingine.

La pili ni raundi ngapi. Wengi hulipita haraka, nami nadhani ndilo linalobadilisha matokeo kuliko yote. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini Novemba 1982. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, ikashusha hadi 12, na wenzake WBA na IBF wakafuata kabla muongo haujaisha. Sasa tazama kilichotokea kabla ya hapo. Mwaka 1941 Joe Louis alikuwa nyuma kwa pointi dhidi ya Billy Conn, akamwangusha raundi ya 13. Mwaka 1952 Marciano alikuwa nyuma kwenye karatasi za majaji wote watatu dhidi ya Walcott, akamlaza raundi ya 13. Mwaka 1981 Sugar Ray Leonard alikuwa nyuma dhidi ya Thomas Hearns, akammaliza raundi ya 14. Kwa kanuni za leo Conn, Walcott na Hearns wote wangenyanyuliwa mikono. Ukimpeleka Marciano ulingoni na bingwa wa sasa kwa raundi 12, umemkata mguu mmoja. Ukimleta bingwa wa sasa kwenye raundi 15 za 1952, unamdai raundi tatu ambazo hajawahi kuzifanyia mazoezi.

Uzito nao una mitego yake. Daraja la kruza, kati ya uzito wa juu mwepesi na uzito wa juu, halikuwepo kabla ya mwisho wa miaka ya 1970. Leo kikomo chake ni pauni 200, yaani kilo 90.7. Marciano na Dempsey wangepangwa humo. Lakini usiufanye mwili kuwa jibu la kila kitu: Mei 2024 mjini Riyadh, Oleksandr Usyk alimshinda Fury kwa pointi akiwa na upungufu wa zaidi ya kilo 15, akarudia Desemba. Ukubwa humsaidia anayejua kuutumia, kwa jebu ndefu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) na kwa kumwegemea mwenzake wanapokumbatiana.

Kwenye madaraja ya chini mtego ni saa ya kupima. Zamani bondia alipima asubuhi na kupigana jioni ileile. Tangu kupima kuhamie siku iliyotangulia, mtu hukausha maji mwilini, anapanda mizani, halafu ana zaidi ya saa 24 za kula na kunywa. Februari 2000 Arturo Gatti alipima pauni 141 kabla ya kukutana na Joey Gamache, na usiku wa pambano mizani ilionesha pauni 160. Ni zaidi ya kilo 8 kwa siku moja. Gamache alilala raundi ya 2 na hakupigana tena. Kwa hiyo ukimpambanisha Durán wa pauni 135 wa miaka ya 1970 na bondia wa leo wa pauni 135, sema wanapima lini. Wakipima asubuhi ya pambano, wa leo huenda asifike kabisa kwenye uzito huo akiwa na nguvu.

Refa na daktari pia wahesabiwe. Dempsey alipomwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza mwaka 1919, alikuwa akisimama karibu yake na kumpiga kila alipojaribu kuinuka. Kanuni ya kwenda kwenye kona isiyo ya mtu mara mwenzako anapoanguka ndiyo iliyomgharimu mwaka 1927 dhidi ya Gene Tunney mjini Chicago: alichelewa kuondoka, refa akachelewa kuanza kuhesabu, Tunney akapata sekunde za ziada. Na Marciano, aliyepasuka pua vibaya dhidi ya Ezzard Charles mwaka 1954 kabla ya kushinda raundi ya 8, je, daktari wa leo angemruhusu aendelee?

Masharti yakishafungwa, ndipo unatafuta ushahidi. Kosa kubwa hapa ni hesabu ya "A alimpiga B, B alimpiga C, kwa hiyo A angempiga C." Enzi ya Ali yenyewe inaivunja. Joe Frazier alimshinda Ali Machi 1971. Foreman alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili Januari 1973. Ken Norton alimvunja Ali taya Machi 1973, na mwaka uliofuata Foreman akammaliza Norton raundi ya 2. Kwa hesabu ile Ali hakuwa na lake Kinshasa. Lakini Frazier na Norton walimsogelea Foreman na kukaa palepale ngumi zake zinapotua, na Ali hakukaa hapo mpaka Foreman alipochoka. Kinachofaa kulinganishwa ni mtindo na mtindo.

Ushahidi wenye thamani zaidi unatoka kwa mabondia waliovuka enzi. Archie Moore alimwangusha Marciano raundi ya 2 mwaka 1955 kabla ya kupigwa raundi ya 9, kisha akapigwa na Ali kijana raundi ya 4 mwaka 1962. Larry Holmes alimshinda Ali mwaka 1980, akaangushwa na Mike Tyson raundi ya 4 mwaka 1988, na mwaka 1992 akamaliza raundi 12 na Evander Holyfield. Foreman ndiye shahidi mkubwa: mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza Michael Moorer na kurudisha ubingwa alioupoteza Kinshasa miaka 20 nyuma. Anayedai kwamba wa zamani wasingeweza kusimama na wa baadaye ana deni la kueleza usiku ule. Ila umri lazima utozwe. Ali aliyepigwa na Holmes alikuwa na miaka 38 na mwili uliokwisha. Pambano lile halisemi chochote kuhusu Ali wa Houston.

Filamu nayo isomwe kwa uangalifu. Picha za mwanzo wa karne ya 20 zilipigwa kwa kamera za kuzungushwa kwa mkono na kuoneshwa kwa kasi isiyo yake, ndiyo maana mabondia wale huonekana wakirukaruka kama vikaragosi. Harry Greb, aliyemshinda Tunney mwaka 1922, hana filamu hata moja ya pambano iliyobaki. Kwa bondia wa aina hiyo sema wazi kwamba unategemea maandishi ya magazeti, na upunguze ukali wa kauli yako.

Sasa tulifanye lile linalobishaniwa kuliko yote. Ali wa Novemba 1966, Tyson wa Juni 1988 aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Raundi 12, glovu za aunsi 10, refa asiyevumilia kukumbatia. Ali ana urefu wa sentimita 191, na mikono yake ikinyooshwa pande zote mbili inafika sentimita 198. Tyson 178 na 180. Uzito wanakaribiana, kilo 96 kwa 99. Silaha ya Tyson ni ngumi ya kushoto ya kuzungusha akitoka chini, na hapo Ali ana kidonda cha siku nyingi: mkono wake wa kulia hushuka na huvuta kichwa nyuma moja kwa moja. Sonny Banks mwaka 1962, Henry Cooper mwaka 1963 na Frazier mwaka 1971, wote walimwangusha kwa ngumi hiyohiyo. Tyson huirusha haraka kuliko hao watatu, na haanzi polepole kama Frazier.

Upande wa pili, mwaka 1986 James Tillis alizunguka na kumfikisha Tyson raundi 10. Tony Tucker akamfikisha 12 mwaka 1987. Na James Smith, kwa kumng'ang'ania tu, akafika naye 12. Tyson alipokosa KO za mapema, mchanganyiko wake wa ngumi ulipungua na akaanza kurusha moja moja. Na Ali akiangushwa aliinuka haraka: Banks na Cooper wote aliwamaliza pambano lilelile. Makadirio yangu ni kwamba Ali anaangushwa mara moja ndani ya raundi nne za kwanza, anainuka, na anashinda kwa pointi au kwa Tyson kusimamishwa na refa baada ya raundi ya 9. Kati ya mapambano 10 nampa Ali 6 au 7. Badilisha refa, uweke anayeruhusu Ali amshike Tyson shingo kama alivyomshika Frazier mwaka 1974, nampa 8. Badilisha usiku, umlete Ali aliyetoka kupigana na Frazier Manila Oktoba 1975, nampa Tyson bila kusita.

Anayetaka kujifunza kukadiria bila vumbi la enzi mbili, aanze na jozi ya karibu, na Uganda imetuachia nzuri sana. Ayub Kalule na John Mugabi wote walipigania pauni 154. Kalule, anayesimama mashoto, bingwa wa WBA mwaka 1979, alikuwa hajapoteza mpaka Leonard alipomsimamisha raundi ya 9 mwaka 1981. Mugabi, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, hakuna mpinzani aliyefika naye mwisho wa pambano mpaka Marvin Hagler alipomlaza raundi ya 11 Machi 1986, pumzi ikiwa imekwisha. Glovu karibu ni zilezile, filamu zipo, wapinzani wanajulikana. Kinachobaki ni raundi. Kwa 15 za mwaka 1980 namchukua Kalule, anayefanya kazi dakika zote tatu na anayeweza kumfikisha Mugabi pale Hagler alipomfikisha. Kwa 12, wakipima siku iliyotangulia na Mugabi akipanda ulingoni na kilo za ziada, namchukua Mugabi kabla ya raundi ya 8.