27 ya ngapi? Kuisoma ripoti ya mtoto shule ikifungwa

Ijumaa tulifunga muhula wa kwanza. Asubuhi watoto walifagia madarasa, wakarudisha vitabu vya kiada, wakahesabu madawati. Saa nne kwaya ikaimba, darasa la sita likacheza mpira na la saba, na wale waliochaguliwa kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wakapigiwa makofi. Kisha zikagawiwa ripoti, na uwanja mzima ukawa na swali moja: "Umekuwa wa ngapi?"

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma, mwaka wa 11 sasa. Kazi yangu kubwa mwisho wa muhula ni mitihani: kukusanya maswali kutoka kwa walimu wa masomo, kuyahakiki, kusimamia usahihishaji, kujumlisha alama, kuandaa ripoti. Karatasi ile moja anayoipokea mzazi hupita mikononi mwangu mara nne au tano kabla ya kugongwa muhuri. Ndiyo maana huniuma kuona inasomwa mstari mmoja tu, ule wa nafasi, halafu inakunjwa na kuwekwa juu ya kabati mpaka Julai.

Machi, baada ya mtihani wa nusu muhula, bibi mmoja wa mtaani kwetu alinifuata ofisini kamshika mjukuu wake mkono. Mtoto yuko darasa la tano, macho yamevimba kwa kulia. Nikamwamkia bibi, akaitikia, akaiweka ripoti mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Mwanangu, huyu nimemchapa jana. Hisabati ishirini na saba! Lakini usiku kucha analia, ananiambia bibi hujui, bibi hujui. Sasa nimekuja niambiwe na wewe. Hii ishirini na saba ni ya ngapi?"

Ni ya 50. Nilipomwambia alinyamaza, akamvuta mjukuu karibu, akamfuta uso kwa pindo la kanga. Ripoti yetu haikuwa imeandika popote kwamba kila somo lina alama 50. Sisi walimu tumezoea, tukasahau kwamba aliyesoma enzi za alama 100 akiiona 27 ataona mtoto kaanguka, na mtoto ndiye atakayelipa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu fomu ile niliichora mimi. Muhula huu kila alama ina "kati ya 50" pembeni yake, na bibi yule nilimpelekea ripoti mpya kwa mkono wangu.

Kwa madarasa ya juu tunafuata mpangilio wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi: masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na 10 kushuka chini ni E. Kwa jumla ya masomo yote, 241 kwenda juu ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Yule wa 27 alikuwa na C ya katikati. Ana kazi ya kufanya, ndiyo, lakini hakustahili fimbo.

Sasa nafasi. Sisemi isiandikwe, watoto wenyewe wanaipenda na wapo inaowapa moyo. Ninachotaka mzazi ajue ni jinsi inavyopatikana. Tunapanga jumla za alama kutoka kubwa hadi ndogo, basi. Muhula huu kwenye darasa moja lenye watoto 98, watoto 23 walijazana kati ya alama 150 na 160. Hapo katikati, swali moja la Uraia likikosewa mtoto anashuka nafasi mbili, tatu, na mwenzake akipata maswali mawili zaidi ya Sayansi anaruka watu sita. Mzazi anaona mwanawe katoka wa 30 kawa wa 41, anakuja juu, kumbe mtoto kaongeza alama nne na wenzake wameongeza sita. Tazama kwanza jumla ya mwaka jana na ya sasa. Nafasi itazame baadaye, kama bado unaitaka.

Kuna na jambo la maswali ya kuchagua. Karatasi ikiwa na maswali 20 yenye majibu manne manne, mtoto asiyejua kusoma kabisa, akiweka herufi tu kila mahali, atapata kama 5 hivi kwa bahati, na siku njema 7 au 8. Ndiyo maana nawabana walimu wenzangu kwamba kila mtihani uwe na sehemu ya kuandika jibu kwa maneno. Kusahihisha kunachukua muda, najua. Tunakaa mpaka magharibi, kila mmoja na swali lake, karatasi zinazunguka meza. Lakini ile sehemu ya kuandika ndiyo inayonionyesha mtoto alipo.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo: darasa la kwanza na la pili. Tangu 2015 madarasa haya mawili yamejengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mtaala ulioanza Januari 2024 umeyaacha mambo hayo matatu palepale kwenye msingi. Kuandika na Kuhesabu unaweza kuwapima watoto 100 kwa pamoja. Kusoma huwezi. Lazima mtoto aje mbele yako mmoja mmoja, afungue mdomo, usikie. Mwalimu mwenye watoto wengi, akikimbizana na siku ya kufunga, anamwita kila mmoja, anampa ukurasa uleule waliousoma darasani kwa wiki mbili, anasikiliza mistari miwili, anaandika alama, anaita mwingine. Simlaumu. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo.

Wiki iliyopita nilikaa chini ya mwembe na watoto wa darasa la pili kuhakiki alama zao za Kusoma. Akaja msichana mmoja, mdogo, safi, sauti ya kwaya. Alama zake zilikuwa za juu. Nikampa kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa mahadhi yaleyale ya darasa zima likisoma pamoja. Nikaona macho yake yako kwenye picha. Nikachukua karatasi, nikaandika sentensi iliyofanana sana na ya kitabuni, nikabadilisha neno moja. Kitabuni mama anakwenda sokoni kununua ndizi. Mimi niliandika: "Mama anakwenda sokoni kuuza ndizi." Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa kujiamini: "Mama anakwenda sokoni kununua ndizi." Nikamwambia, mwanangu, rudia hapa. Kidole kikabaki juu ya "kuuza". Akaniangalia, akaangalia karatasi, akasema polepole, "Kununua?"

Mtoto huyo alikuwa ameandikwa wa 7 darasani. Hajui kusoma. Ana kumbukumbu nzuri ajabu, na kumbukumbu hiyo imemficha muhula mzima. Asingegundulika sasa, angegundulika darasa la nne kwenye upimaji wa kitaifa, na hapo aibu ingekuwa yake peke yake.

Mzazi, hili unaweza kulipima nyumbani leo, na halihitaji ualimu. Mpe mtoto maandishi ambayo hajawahi kuyaona: karatasi ya sabuni, kalenda ya ukutani, bango la duka. Au muombe asome ukurasa wa kitabu chake kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu. Aliyekariri atakwama papo hapo. Anayesoma ataenda, hata kama ni kwa kuvuta silabi. Kuvuta silabi si ujinga. Huyo yuko njiani.

Na tusichanganye kutosoma na matamshi ya nyumbani. Watoto wetu wengi wanazungumza Kiha kabla ya Kiswahili, na l na r zinawasumbua. Kwenye imla utakuta "chakura" na "kurara". Mwalimu mgeni anapiga mkasi mwekundu na kutoa sifuri. Mimi naitazama "chakura" naona mtoto aliyeandika kila sauti aliyoisikia, kwa mpangilio, bila kuruka silabi hata moja. Huyo anajua kuandika. Anachohitaji ni mazoezi ya sikio, jozi jozi: mahali na mahari, kula na kura. Mwenzake aliyeandika "chkla" ana tatizo jingine kabisa, irabu bado hazijakaa kichwani. Wote wawili wakipewa sifuri, ripoti inakuwa imewaambia wazazi wawili jambo moja, na angalau mmoja kadanganywa. Tulibishana sana ofisini juu ya hili, mpaka tukakubaliana kwamba kwa madarasa ya chini l na r zinasahihishwa kwa maelezo na hazikatwi alama.

Mstari wa mahudhurio nao unarukwa na karibu kila mtu. Mwaka wa masomo una siku 194, muhula mmoja ni takriban nusu yake. Aliyekosa siku 31 amekosa karibu theluthi ya muhula. Usimuulize kwa nini kafeli Hisabati. Mada nzima ya sehemu, yaani nusu, robo na theluthi, ilipita yuko ufukweni, mwaloni Kibirizi, anaanika dagaa. Sisemi haya kwa kuwanyooshea kidole wazazi. Nimekulia kwenye nyumba iliyolishwa na ziwa, najua dagaa wakitoka kwa wingi hawasubiri mtu, na jua likikosekana wanaoza. Lakini mtoto akikosa, mtume mwenzake achukue kilichofundishwa, au mwambie mwalimu wa darasa mapema. Tunaweza kumfidia siku mbili. Siku 31 hatuwezi.

Kwa habari hiyohiyo ya ziwa, kikao cha wazazi tunakipanga kwa kutazama mwezi. Usiku wa giza wavuvi wako majini na taa zao, mchana wamelala. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na akina baba wanapatikana. Juni 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, akina baba walijaa kikaoni kuliko nilivyowahi kuwaona. Hela ya daftari ilikuwa ngumu miezi ile, lakini maswali waliyouliza siku hiyo yalikuwa mazuri kuliko ya miaka mitano nyuma yake. Baba mmoja alitaka kujua kwa nini mwanawe ana A ya Kiswahili na hawezi kumsomea ujumbe wa simu. Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuhakiki Kusoma chini ya mwembe.

Nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa ilikuwa ikiandikwa "Anaweza, aongeze bidii" kuanzia wa kwanza hadi wa 98. Bidii ya nini? Muhula huu niliwaomba walimu waandike jambo moja ambalo mtoto analiweza na moja ambalo bado. Imetuchelewesha siku mbili. Lakini sasa mzazi anasoma: "Anajumlisha vizuri. Kutoa kwa kukopa bado." Au: "Anasoma maneno ya silabi rahisi. Yenye mbw, nyw na ng'w bado." Kwa maneno hayo hata dada wa darasa la sita anaweza kumsaidia mdogo wake jioni.

Likizo ni kama wiki nne. Siombi umrundikie mtoto mazoezi. Muhula umekuwa mrefu, na mtoto anahitaji kucheza, kwenda kwa shangazi Kasulu, kulala. Robo saa kwa siku inatosha. Mtume sokoni na noti ya 5,000, anunue fungu la dagaa la 2,000 na mawese ya 1,500, na chenji aihesabu yeye kabla wewe hujaihesabu. Jioni akusomee chochote, hata kama wewe husomi. Ukiona macho yako kwenye picha, funika picha kwa kiganja.

Yule msichana wa nafasi ya 7 nilimwita mama yake Ijumaa hiyohiyo, tukakaa pembeni, mbali na masikio ya watoto. Nilimwonyesha ile karatasi ya ndizi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba hata yeye alifika darasa la saba kwa namna hiyo. Tukaandika pamoja orodha ya maneno 20, yote ya vitu vya jikoni kwake: mwiko, sufuria, kinu, mchi, mkaa. Kila siku moja. Nimewapata watoto 19 wa namna yake katika darasa la pili. Tukifungua Julai, nitawasikiliza wote 19 mmoja mmoja chini ya mwembe uleule, wiki ya kwanza, na kila mmoja nitampa sentensi yake mpya.